Sura ya Saba ya Rosalia Haing'oki

Saa tatu na nusu asubuhi, Buguruni. Jua limeshaanza kuuma, na Rosalia Nandonde amechuchumaa chini ya mwavuli wa fundi viatu, kamera yake ndogo ikiwa imelala juu ya begi jeusi. Amemaliza kurekodi. Mwandishi mwingine wa televisheni angekuwa ameshapanda bodaboda anawahi ofisini. Yeye ndiyo kwanza anaanza.

"Mzee wangu, jiangalie kwanza," anamwambia Valerian Mkuti, fundi mwenye umri wa miaka sabini na moja, huku akimsogezea kioo cha kamera.

Mzee anavaa miwani. Anajitazama akishona soli, anajisikiliza akilalamika kwamba siku hizi watu wananunua viatu vya kutupa. Kisha anaguna.

"Mbona nimezeeka hivi?"

"Kamera haijui kubembeleza, mzee."

"Basi hapo nilipopenga kamasi toa. Wajukuu zangu wataniona."

Rosalia anacheka na kukubali. Anarekodi upya kipande hicho, anamwonyesha tena, halafu anatoa daftari na kuandika majina matatu ya mzee, mtaa anaofanyia kazi na tarehe. Mzee anapitisha kidole kwenye kila neno kabla ya kurudisha daftari.

Kazi ya dakika tano imechukua karibu saa nzima. Kituo kitakachonunua habari hiyo kitamlipa shilingi 40,000 ikirushwa. Isiporushwa, halipwi kitu.

Rosalia ana miaka arobaini na nne. Kwa miaka kumi na minne alikuwa ripota wa kituo kikubwa cha televisheni jijini, na waliokuwa wakitazama taarifa ya saa mbili usiku wataikumbuka sauti yake nzito, yenye mkwaruzo kidogo. Leo ni mwandishi wa kujitegemea. Pia ni mtunzi wa kitabu ambacho bado hakijatoka, na kuna watu wangefurahi kisitoke.

Kitabu kinaitwa *Niliowapiga Picha*. Kina sura kumi na mbili, kila moja ikimhusu mtu mmoja ambaye Rosalia aliwahi kumrekodi kwa ajili ya habari, kisha akamrudia miaka baadaye kuuliza maisha yalikwendaje baada ya kamera kuondoka. Sura kumi na moja hazijamkera mtu. Ya saba imeleta barua ya wakili.

Barua hiyo imo ndani ya begi jeusi, imekunjwa mara nne. Inampa siku kumi na nne aiondoe sura ya saba, la sivyo wakutane mahakamani. Leo ni Jumanne, siku ya kumi na moja. Mchapaji wake, aliyeko Manzese, anataka jibu la mwisho kabla ya saa kumi jioni, kwa sababu uzinduzi umetangazwa kuwa Jumamosi hii.

Mhariri wa gazeti hili ameelekeza jina la kituo hicho lisitajwe. Rosalia alipoambiwa alicheka hadi akashika kiuno.

"Unaona? Hata nyie mnaogopa," alisema. "Mie siwalaumu. Ila mkishamaliza kuogopa mniambie, nitawapa jina."

Kisa cha sura ya saba kilianzia hapa hapa Buguruni, na mkosaji wa kwanza ni Rosalia mwenyewe. Hilo halifichi, wala halipambi.

Mwaka 2016 alikuja sokoni kurekodi habari ya akina mama wanaowekeza kwenye vikoba. Miongoni mwao alikuwa Hamida Nalinga, mama lishe, mzaliwa wa Newala kama wazazi wa Rosalia. Alimrekodi akipakua wali, akiosha sahani kwenye beseni, akihesabu hisa za kikundi. Walitaniana kwa Kimakonde, Rosalia akala, akaondoka. Habari ikarushwa, watu wakaipenda, na picha zikaingia kwenye hifadhi ya kituo.

"Kila faili tulikuwa tunaliwekea lebo," anaeleza. "Mie niliandika 'Mama lishe Buguruni 3'. Sikuandika jina lake. Tulikuwaga tunaandika hivyo hivyo wote: mama lishe, machinga, mgonjwa, mtoto anayelia. Kama vile si watu."

Miaka mitatu baadaye, wakati wa masika, kipindupindu kiliingia kwenye baadhi ya mitaa. Siku hiyo Rosalia alikuwa na habari ya dakika mbili na picha za dakika moja tu. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na tano taarifa ianze. Alifungua hifadhi, akatafuta "mama lishe", akachukua faili la kwanza lililoonyesha mtu anaosha vyombo kwenye beseni.

Sura ya Hamida ikakaa kwenye kioo kwa sekunde kumi na nane, chini yake sauti ya Rosalia ikisoma: "Wataalamu wanasema chanzo kikubwa ni vyakula visivyoandaliwa kwa usafi." Hata yale maneno madogo ya pembeni, *picha za maktaba*, hayakuwekwa.

Wasio wa kazi hii wataona ajabu. Walio ndani ya kazi hii watatazama chini, kwa sababu hakuna chumba cha habari nchini kisichofanya hivyo. Na tukikosea, sisi wa magazeti huomba radhi kwa herufi za kusakwa kwa miwani, ukurasa wa kumi na sita, chini ya tangazo la dawa ya nguvu za kiume.

Hamida hakuona taarifa ile. Aliijua asubuhi yake.

"Nilikuwa nauza sahani themanini kwa siku," anasimulia Hamida, sasa ana miaka hamsini na mitatu. "Siku ile niliuza tisa. Siku ya pili nne. Sufuria la wali nikalimwaga lote, maharage nikayamwaga. Mtu ninayemlisha miaka sita anapita ng'ambo ya pili ya barabara, hataki hata kunisalimia. Bwana afya akaja, akakagua, hakuona kitu. Akaniambia, 'Mama, mie sina tatizo na wewe, ila TV imeshasema.'"

Binti yake, Zuhura, aliyekuwa darasa la sita, alipewa shuleni jina ambalo Hamida hataki liandikwe. Hatuliandiki.

Alikwenda kituoni kulalamika. Mlinzi akamrudisha. Akaenda tena, akarudishwa. Mara ya tatu akaambiwa aandike barua. Mara ya nne alikwenda na hotipoti.

Alisimama getini tangu saa tano mpaka saa nane mchana, Rosalia alipotoka kwenda kurekodi. Hamida alifungua mfuniko. Ndani mlikuwa na wali, maharage na kipande cha samaki.

"Aliniambia neno moja tu," anakumbuka Rosalia. "'Kula.' Nikamuuliza, da Hamida, kuna nini? Akasema, 'Kula hapa, mbele ya mlinzi na wenzio. Kama kwangu kuna kipindupindu, kula ufe.' Nikajua hapo hapo nimefanya nini. Nikanawa kwa maji ya chupa, nikala nimesimama, nikamaliza. Mlinzi anatutazama tu."

Alasiri hiyo Rosalia alipanda ghorofani kwa bosi wake, akaomba kituo kirekebishe habari ile. Jibu alilopewa limeandikwa katika sura ya saba neno kwa neno, na ndilo hasa linalomuuma wakili: kwamba televisheni haiwezi kuanza kuwaomba radhi mama ntilie, maana ikianza haitamaliza.

Alirudi kesho yake, na keshokutwa. Alirudi kwa siku kumi na moja. Wenzake wakamwambia mwenye nguvu mpishe. Yeye akawajibu kwa msemo mwingine, ule wa mnyonge mnyongeni haki yake mpeni, na wakaacha kukaa naye mezani.

Siku ya kumi na mbili alitumwa Buguruni kuripoti mubashara bei ya vitunguu. Aliripoti bei ya vitunguu, kwa ukamilifu, kama mtu anayeipenda kazi yake. Kisha, badala ya kuirudisha taarifa studio, alisogea hatua mbili na kusimama kando ya Hamida.

"Huyu anaitwa Hamida Nalinga," aliwaambia watazamaji. "Picha zake tulizorusha kwenye habari ya kipindupindu zilikuwa za miaka mitatu nyuma na hazikumhusu. Mimi ndiye niliyezichagua. Nimekosea. Hamida, nisamehe." Alikuwa ameanza kula sambusa ya Hamida pale studio walipokata.

Zilikuwa sekunde ishirini na mbili. Kabla wiki haijaisha alikuwa na barua ya kufukuzwa kazi kwa kosa la kutumia kipindi cha mubashara kwa maslahi binafsi. Mshahara wa shilingi 650,000 ukaishia hapo.

Je, alijuta? Swali hilo nilimuuliza juzi nyumbani kwao Wazo, lakini aliyejibu ni mama yake, Bi Marietha, aliyekuwa akichambua mchicha kibarazani.

"Ajute nini? Baba yake Mungu amrehemu alikuwa mchonga vinyago. Maisha yake yote kachonga mpingo, mwishowe kazaa mpingo," alisema mama huyo wa miaka sabini na sita. "Ukitaka kumpinda huyu, utavunja shoka. Tumekula ugali na mchicha miaka miwili mfululizo, na mimi sikufa, nanenepa."

Ugali huo na mchicha ndio uliokilea kitabu. Rosalia alikiandika kwa miaka minne, alfajiri kabla ya kutoka, kwenye kompyuta yenye kibodi isiyo na herufi F. Aliuza pikipiki yake kulipia nakala mia tano za kwanza, baada ya mchapishaji mmoja wa mjini kuisifu kazi hiyo kwa miezi saba na kisha kuacha ghafla kupokea simu zake.

Kilichofuata baada ya barua ya wakili ni kizito kuliko barua yenyewe. Jumatano iliyopita alipigiwa simu kutoka kituo kile. Sauti ilikuwa ya upole. Aliambiwa kuna kipindi kipya cha kila wiki, chake mwenyewe, mshahara shilingi milioni moja na laki mbili. Sharti ni moja: sura ya saba ibaki na kosa lake yeye, na majibu ya bosi yaondolewe.

"Yaani nibaki mie na Hamida tu, tumegombana na kupatana wenyewe kwa wenyewe," anasema Rosalia. "Kosa ni la kwangu, nimelibeba, na nimeliandika ukurasa wa kwanza wa sura. Lakini kukosea ni dakika kumi na tano. Kukataa kurekebisha ni siku kumi na moja. Wanataka nifute siku kumi na moja. Sifuti."

Nilimkumbusha kwamba ana mama mzee na karo za watoto wawili.

"Unadhani sijui? Nimelala na hiyo hesabu tangu Jumatano. Nauogopa sana umaskini, braza, nimekaa nao. Lakini nikichukua hiyo kazi, kila nikimwelekezea mtu kamera nitakuwa namdanganya."

Hata hivyo, kuna mtu mmoja ambaye neno lake lingeweza kuing'oa sura ya saba, naye si wakili. Ni Hamida. Kitabu kikitoka, na kesi ikifuata, jina lake litatajwa tena pamoja na ugonjwa ule, na wateja wana masikio. Wiki iliyopita Rosalia alimpelekea mswada, Zuhura akamsomea mama yake. Leo Rosalia amekuja kuchukua jibu.

Saa sita na robo mchana, kibanda cha Hamida kimejaa. Ana mabenchi manne, turubai jipya la bluu, na foleni ya wapagazi wa sokoni. Siku hizi anauza sahani kama sitini. Themanini hazijawahi kurudi.

"Shikamoo da Hamida."

"Marahaba mdogo wangu. Kaa. Huyo kijana wa gazeti naye akae, ila asiniguse na kalamu yake, nina mafuta ya moto."

Anatusubirisha hadi foleni ipungue. Rosalia hali. Anasokota kona ya leso yake. Hatimaye Hamida anajifuta mikono, anakaa mbele yake na kuutoa mswada kwenye mfuko wa rambo.

"Da Hamida, kabla hujasema," Rosalia anaanza. "Naweza kubadilisha jina. Nikuite jina jingine, niweke soko jingine. Watu wasijue ni wewe. Au ukisema nitoe yote, natoa leo, na sitakulaumu."

Hamida anamkazia macho.

"Ubadilishe jina langu?"

"Kwa usalama wako."

"Wewe Rosa, una akili kweli? Mie nimefukuzwa getini mara tatu. Nimemwaga sufuria. Mwanangu kaacha kwenda shule wiki mbili. Halafu hayo yote unampa mwanamke mwingine, asiyekuwepo? Hayo ni ya kwangu! Mlipotaka kunichafua mliweka sura yangu yote, na meno yangu, na beseni langu. Leo mnataka kunisafisha ndiyo mnifiche? Andika Hamida Nalinga. Andika Buguruni. Wakitaka kwenda mahakamani, nguo za kuvaa ninazo."

Mpagazi mmoja kwenye benchi la nyuma anapiga makofi. Hamida anamwambia ale, chakula kinapoa.

"Ila kuna kitu nimekikataa," anaendelea, na uso wa Rosalia unabadilika. Hamida analamba kidole, anafungua kurasa taratibu, mpaka anafika penye alama ya kalamu nyekundu aliyoiweka Zuhura. "Hapa. Pale getini. Umeandika, 'Hamida alinitazama, machozi yakimtoka.'"

"Ndiyo."

"Mie sikulia."

"Da Hamida, nakumbuka kabisa..."

"Sikulia, nakwambia! Mie nilikuwa na hasira, na hotipoti ilikuwa inaniunguza mikono. Ningelia saa ngapi? Aliyelia ni wewe. Ulikula wali unalia, kamasi hadi kwenye maharage. Muulize yule mlinzi. Mnatupenda tukilia nyie watu wa TV, hamwoni raha mama ntilie asipolia. Hapo futa, au kitabu chako sikitaki kibandani kwangu."

Rosalia anautazama ukurasa ule, mkono umeshika mdomo. Kisha mabega yanaanza kumcheza, na mwanzoni siwezi kujua kama anacheka au analia. Anafanya vyote viwili.

"Kweli," anasema. "Kweli da Hamida. Ni mimi."

"Si nilikwambia? Haya, kula sasa."

Saa tisa na dakika ishirini tuko Manzese, kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji nyuma ya mafundi wa mageti. Mabasi ya mwendokasi yanapita barabarani na kioo cha dirisha kinatetemeka. Romani, mchapaji, kijana mwenye wino hadi kwenye ndevu, tayari ameandaa kurasa zote isipokuwa za sura ya saba.

"Sista, niambie basi," anasema. "Nikishatoa pleti za kuchapia hakuna kurudi nyuma. Na mie pia nimepigiwa simu. Sijui namba yangu wameitoa wapi. Wameniuliza kama nina leseni."

"Unayo?"

"Ninayo, tena naibandika mlangoni sasa hivi."

"Basi fungua sura ya saba. Kuna sahihisho moja."

Romani anashusha pumzi. Ni wazi anadhani Rosalia amekata tamaa, au wamemnunua. Anafungua faili, anapekua hadi ukurasa wa mia moja na tatu, na Rosalia anainama begani kwake na kumtajia maneno. Romani anafuta, anaandika, anasoma kwa sauti ili kuhakiki:

"'Hamida alinitazama kwa macho makavu. Niliyekuwa nalia ni mimi.'"

"Hapo hapo."

"Na haya majibu ya bosi?"

"Yabaki."

"Jina la mama?"

"Yote mawili. Na Buguruni."

Romani anamtazama kidogo, halafu anageukia mashine yake na kuanza kupiga mluzi. Baada ya muda pleti ya kwanza inatoka.

Rosalia anaketi juu ya mzigo wa karatasi, anaiweka barua ya wakili gotini na kuandika jibu kwa mkono, kwa sababu barua ilitaka jibu la maandishi kabla ya Ijumaa. Anasema Jumamosi saa saba mchana, wapagazi wakiwa wametoka kushusha mizigo, atazindua kitabu kibandani kwa Hamida, na sura ya saba itasomwa na Zuhura, ambaye sasa yuko kidato cha sita. Baada ya hapo anataka kuzunguka vyumba vya habari, kile kilichomfukuza kikiwa cha kwanza, kuwafundisha waandishi vijana kuandika majina ya watu kwenye mafaili. Wakimfungia geti, anasema, anajua namna ya kusimama getini.

Na kesi je?

"Waje. Kwenye simu walitaka sura ya saba irekebishwe," anasema, na kunipa barua yake niisome.

Ina mistari miwili tu. *Nimepokea madai yenu. Sura ya saba imerekebishwa leo kwa amri ya Hamida Nalinga, mwenye haki ya kuirekebisha, na nakala yenu itakuwa mezani kwenu Jumatatu asubuhi.*